Kumnyang'anya Bakteria Silaha: Historia ya Njia Iliyoachwa Katikati

Dawa ya kwanza ya kisayansi iliyookoa watoto kwa maelfu kutokana na ugonjwa wa bakteria haikuua bakteria hata mmoja. Ilikuwa seramu ya dondakoo, iliyotolewa katika damu ya farasi, na kazi yake ilikuwa kuikamata sumu ya bakteria kabla haijaufikia moyo na neva za mgonjwa. Miaka hamsini baadaye ikaja penisilini, na kwa kuwa penisilini iliua, na iliua vizuri, dunia ikaamini kwamba kupigana na bakteria maana yake ni kuwaangamiza. Imani hiyo imetugharimu. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa, na kwamba mzigo mzito kuliko wote, ukilinganishwa na idadi ya watu, uliiangukia Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi. Leo maabara nyingi zinatafuta dawa za kumnyang'anya bakteria silaha zake badala ya uhai wake, na mbinu hiyo inatangazwa kuwa mpya. Makala haya yanashikilia kwamba ni njia kongwe iliyoachwa katikati, na kwamba sababu zilizofanya iachwe ndizo zinazoizuia kurudi hadi leo.

1884–1902: Sumu kabla ya mdudu

Mwaka 1884 Friedrich Loeffler, akifanya kazi Berlin, alifanikiwa kuotesha bakteria wa dondakoo maabarani, akakutana na fumbo. Bakteria walionekana kooni tu, ndani ya ule utando mzito unaoziba njia ya hewa, ilhali viungo vya mbali vilikuwa vimeharibika bila dalili yoyote ya kuwa bakteria walipita huko. Loeffler akashuku kwamba wanatengeneza sumu inayosafiri kwa damu. Miaka minne baadaye Émile Roux na Alexandre Yersin wa Taasisi ya Pasteur, Paris, wakalifumbua fumbo hilo. Walichuja supu iliyooteshewa bakteria mpaka asibaki hata mmoja, wakawadunga wanyama yale maji yaliyochujwa, na wanyama wakaugua kama walioambukizwa dondakoo yenyewe. Kwa mara ya kwanza ikawa wazi kwamba bakteria na madhara yake ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa.

Emil von Behring na mwenzake Mjapani Shibasaburo Kitasato waliutumia ugunduzi huo mapema. Desemba 1890 walitangaza kwamba mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo hujenga katika damu yake kitu kinachoizima, na kwamba seramu ya mnyama huyo ikidungwa kwa mwingine humkinga. Paul Ehrlich akabuni namna ya kupima nguvu ya seramu ili kila chupa ijulikane inaweza kuzima sumu kiasi gani. Kisha Roux akahamia kwa farasi, mnyama anayeweza kutolewa damu nyingi bila kudhoofika, na mwaka 1894 akauambia mkutano wa kimataifa wa tiba uliofanyika Budapest kwamba katika wodi ya watoto mjini Paris vifo vya dondakoo vilikuwa vimeshuka kutoka takriban nusu ya wagonjwa hadi takriban robo. Behring akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1901, ya kwanza kabisa kutolewa.

Hata hivyo seramu ilikuwa na masharti magumu. Ilitibu ugonjwa mmoja tu, hivyo daktari alipaswa kujua kwa yakini ni bakteria gani anayemkabili. Ilipaswa kutolewa mapema, kwa sababu sumu ikishaingia ndani ya seli seramu haiifikii tena. Protini za farasi ziliwaletea baadhi ya wagonjwa homa, vipele na maumivu ya viungo. Tena usalama wake ulitegemea afya ya mnyama: mwaka 1901, mjini St. Louis, Marekani, watoto 13 walikufa kwa pepopunda baada ya kudungwa seramu ya farasi aliyekuwa na ugonjwa huo, na msiba huo ukalisukuma Bunge la nchi hiyo kutunga mwaka 1902 sheria ya kudhibiti utengenezaji wa chanjo na seramu. Masharti haya yanafaa kukumbukwa, maana tutakutana nayo tena.

1928–1941: Kimeng'enya cha Dubos na panya wanane wa Oxford

Mwanzoni mwa karne ya 20 nimonia ilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa watu wazima Ulaya na Marekani. Bakteria wake mkuu, nyumokokasi, hutembea amejifunika ganda laini la sukari. Mwaka 1928 Fred Griffith, daktari wa Uingereza, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba nyumokokasi mwenye ganda humuua panya, na aliyelipoteza hana madhara, kwa kuwa chembe nyeupe za damu humshika na kummeza. Mjini New York, katika Taasisi ya Rockefeller, Oswald Avery alikuwa amelichunguza ganda hilo kwa miaka. Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: je, linaweza kuyeyushwa bakteria akiwa ndani ya mwili wa mgonjwa?

Aliyejibu alikuwa kijana Mfaransa aliyebobea katika viumbe wa udongoni, René Dubos. Alifikiri hivi: maganda ya namna hii yamekuwa yakidondoka ardhini tangu zamani na bado dunia haijajaa sukari hiyo, kwa hiyo lazima kuna kijidudu kinachoila. Alichukua udongo wa kinamasi cha New Jersey, akavipa vijidudu vyake sukari ya ganda la nyumokokasi kuwa chakula pekee, akangoja kuona ni nani atakayeishi. Aliyebaki akampata, na kutoka kwake akatoa kimeng'enya. Yeye na Avery walichapisha matokeo kuanzia mwaka 1930. Panya waliodungwa kiasi cha bakteria cha kuua, kisha wakapewa kimeng'enya, walipona. Nyumokokasi hawakuuawa na dawa. Walivuliwa ganda tu, na kinga ya panya ikamaliza kazi iliyobaki. Leo dawa ya namna hiyo ingepokewa kuwa uvumbuzi wa hali ya juu, na ilikuwepo miaka kumi kabla mgonjwa yeyote hajadungwa penisilini ya Oxford.

Haikufika wodini. Kimeng'enya kile kiliyeyusha ganda la aina moja tu ya nyumokokasi, aina ya tatu, kati ya aina nyingi zilizokuwa zikijulikana. Wakati Dubos akiendelea nacho, Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza mwaka 1935 dawa ya salfa iitwayo Prontosil, na ilipofika mwaka 1938 salfa nyingine ilikuwa ikitibu nimonia bila daktari kujali ni aina gani. Hospitali za Marekani zilizokuwa zimejizoeza kupima aina ya nyumokokasi na kuchagua seramu inayofaa ziliiacha kazi hiyo. Hapa ndipo naona historia ilipogeuka: dawa inayoua ilishinda kwa sababu ilimwondolea daktari haja ya kumjua adui yake. Dubos mwenyewe aligeuka pia. Mwaka 1939 alitangaza kwamba amepata katika udongo kijidudu kinachotoa kemikali ya kuua bakteria wengine, na mafanikio yake yakamtia hamasa mwalimu wake wa zamani, Selman Waksman, ambaye katika maabara yake ilikuja kugunduliwa streptomaisini.

Jumamosi ya tarehe 25 Mei 1940, Oxford, Howard Florey aliwadunga panya wanane bakteria wa kuua, kisha wanne kati yao wakapewa penisilini. Norman Heatley alikesha akiwatazama. Kabla ya mapambazuko wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa, na wanne waliopewa walikuwa hai. Februari 1941 askari polisi mmoja, aliyekuwa mahututi kwa maambukizi ya uso na macho, akawa wa kwanza kutibiwa na kundi hilo. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba mkojo wake ulikusanywa ili penisilini iliyotoka ichujwe na kurudishwa mwilini. Alipata nafuu kubwa, homa ikashuka, akaanza kula. Kisha dawa ikaisha, bakteria wakarudi, na mwezi uliofuata akafariki. Vita ilipokwisha penisilini ilikuwa ikitengenezwa kwa wingi, na hakuna mtu wa haki awezaye kudharau kilichofuata: wanawake waliojifungua, askari waliojeruhiwa, watoto wenye nimonia, wote walioweza kupona kwa dawa ya bei ndogo. Anayehoji njia ya kuua lazima aanze kwa kukiri deni hilo.

1940–1972: Usugu haukungoja

Desemba 1940, miezi miwili kabla ya yule askari kudungwa sindano yake ya kwanza, Ernst Chain na Edward Abraham wa kundi lilelile la Oxford walichapisha taarifa fupi katika jarida la Nature. Walikuwa wamegundua kwamba baadhi ya bakteria wana kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Usugu ulikuwepo tayari katika maumbile, ukisubiri tu mazingira yatakayoupa faida, na penisilini ikayaleta. Katika Hospitali ya Hammersmith, London, Mary Barber alifuatilia bakteria wa majipu na vidonda aina ya Staphylococcus aureus, na kufikia mwaka 1948 zaidi ya nusu ya aliowapima walikuwa hawasikii penisilini. Methisilini, iliyoundwa makusudi kukwepa kimeng'enya kile, ilianza kutumika Uingereza karibu na mwaka 1960; mwaka 1961 bakteria sugu kwake walikwisha kuripotiwa nchini humo.

Habari nzito zaidi zilitoka Japani. Madaktari waliowatibu watu wenye kuhara damu walikuta bakteria sugu kwa dawa nne kwa mpigo, na mwaka 1959 watafiti wa huko wakaonyesha kwamba usugu huo hupitishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa jamii tofauti, ndani ya utumbo. Kwa hiyo bakteria hahitaji kuvumbua kinga yake mwenyewe. Anaweza kuipokea kwa jirani. Tangu hapo kila dawa mpya ya kuua imeingia katika dunia ambamo jibu lake huenda tayari linazunguka. Palikuwa na ushindi katika kipindi hicho, nao haukutokana na dawa mpya pekee. Tiba ya kifua kikuu iliokolewa na mchanganyiko: bakteria akipigwa na dawa kadhaa kwa pamoja, ni vigumu azikwepe zote kwa wakati mmoja. Majaribio yaliyoendeshwa katika hospitali za Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba mchanganyiko unaofaa unaweza kuponya kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu. Wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walichangia kubadili tiba ya dunia nzima.

1959–1978: Kipindupindu chapima njia zote mbili

Kama kuna ugonjwa ulioweka njia ya kuua na njia ya kuzuia madhara katika mizani moja, ni kipindupindu. Robert Koch alimtambua bakteria wake miaka ya 1880 na kuhisi kwamba anaua kwa sumu, lakini uthibitisho ulichelewa kwa miaka sabini na zaidi. Ulitolewa na daktari wa Calcutta, Sambhu Nath De, mwaka 1959. Alifunga kipande cha utumbo wa sungura pande zote mbili, akaingiza ndani yake maji yaliyochujwa kutoka kwenye bakteria wa kipindupindu, na kipande kile kikavimba kwa majimaji. Hapakuwa na bakteria ndani, ila sumu tu. Ikaeleweka kwamba Vibrio cholerae hamtoboi mtu wala haingii katika damu yake. Huukalia utumbo, huamrisha seli zake zimwage maji na chumvi, na mgonjwa huharisha maji mithili ya yaliyooshea mchele mpaka akaukiwa.

Basi kama kinachoua ni upotevu wa maji, maji yarudishwe. Watafiti waligundua kwamba utumbo uliotiwa sumu bado unaweza kufyonza chumvi iwapo chumvi hiyo inaambatana na sukari, na mwaka 1968 majaribio ya Dhaka yakathibitisha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kutibiwa kwa kunywa. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilisukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India. Huko Bongaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu huku wagonjwa wakilala sakafuni. Akaamuru vitengenezwe vifuko vya gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za magadi ya kuokea kwa kila lita ya maji, na ndugu wa wagonjwa wakafundishwa kuwanywesha. Vifo miongoni mwa waliotibiwa vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi asilimia 3.6. Ni kweli kwamba mchanganyiko huo haumnyang'anyi bakteria silaha. Unafidia kile silaha inachochukua. Lakini kwa hoja yetu una sifa moja kubwa: haumpi bakteria sababu yoyote ya kubadilika. Zaidi ya nusu karne imepita, na hakuna kipindupindu kilichokuwa sugu kwa maji ya chumvi na sukari.

Tanzania ilikutana na upande wa pili wa mizani. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulipoanza Oktoba 1977, tetrasaiklini ilitumiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa watu wazima wa afya waliopewa ili wasiugue. Uamuzi huo haukuwa wa kizembe. Maji safi hayakuwepo ya kutosha, watu walikuwa wakifa, na kidonge kilikuwa kitu pekee kilichoweza kufika kijijini upesi. Mwezi wa kwanza bakteria waliopimwa wote waliisikia dawa. Baada ya miezi mitano asilimia 76 walikuwa sugu, kama Fred Mhalu na wenzake walivyoripoti katika The Lancet mwaka 1979. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa kasi ambayo bakteria hujifunza anapowekwa kati ya kufa na kubadilika. Dawa iliyotawanywa kwa watu ambao hawakuwa wagonjwa ilitumika kuwachuja wadudu dhaifu na kuwaachia nafasi walio imara.

1970–2012: Bakteria wanaohesabiana

Wakati huohuo elimu nyingine ilikuwa ikichipuka baharini. Vibrio fischeri, ndugu wa mbali wa bakteria wa kipindupindu, huishi ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii na kutoa nuru. Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings wa Harvard walieleza kwamba bakteria hawa hawawaki wakiwa wachache. Kila mmoja humwaga kemikali kidogo. Wakijazana kemikali hiyo hufikia kiwango fulani, na wote huwasha nuru kwa pamoja. Kwa miaka mingi jambo hilo lilichukuliwa kuwa ajabu ya bahari tu. Kufikia miaka ya 1990 ikabainika kwamba Pseudomonas aeruginosa, anayewatesa wagonjwa walioungua na walio kwenye mashine za kupumulia, hutumia mbinu hiyohiyo kuamua lini aachie vimeng'enya vyake vya kula nyama ya mgonjwa. Wakiwa wachache hunyamaza ili kinga ya mwili isishtuke. Wakiwa jeshi hushambulia.

Tumaini likazaliwa: wazibwe masikio. Mwani mwekundu wa Australia uitwao Delisea pulchra ulikutwa na kemikali zinazovuruga mawasiliano hayo, ndiyo maana bakteria hawaoti kwa urahisi juu ya majani yake. Mwaka 2005, Harvard, Deborah Hung, John Mekalanos na wenzao walipima kemikali zipatazo 50,000 na kupata moja, wakaiita virstatini, inayomzuia bakteria wa kipindupindu kutengeneza sumu yake pamoja na nywele anazojishikizia utumboni. Watoto wa panya waliopewa walikingwa. Bakteria alibaki hai maabarani na kuendelea kuzaana, ila alikuwa amepoteza uwezo wa kudhuru.

Hapa ndipo pingamizi zito lilipojitokeza, na waliolileta ni wanasayansi wa uwanja huohuo. Ilidaiwa mwanzoni kwamba dawa isiyoua haiwezi kuzaa usugu. Virstatini ilipata bakteria wasioisikia: badiliko la sehemu moja tu ya protini iliyolengwa lilitosha. Mwaka 2012 kundi la watafiti lilichapisha ushahidi kwamba Pseudomonas anaweza kuitapika mojawapo ya kemikali zilizoundwa kwa mfano wa zile za mwani, kwa pampu zilezile anazotumia kutapika antibayotiki. Tena Bonnie Bassler wa Princeton na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2002 kwamba bakteria wa kipindupindu hufanya kinyume cha Pseudomonas. Akiwa mchache hutoa silaha, na wakijazana huziweka chini ili watoke mwilini na kusambaa. Dawa ya kuwaziba masikio wale ingewachochea hawa.

Pingamizi hili ni la kweli, lakini halivunji hoja. Linaifanya iwe sahihi zaidi. Swali la kuuliza kuhusu dawa yoyote ni hili: bakteria anayeikwepa anapata faida gani kuliko wenzake? Antibayotiki ikimwagwa, sugu hubaki peke yake na kurithi mwili mzima. Virstatini humzuia bakteria kujishikiza utumboni, na bila kujishikiza anafagiliwa nje, kwa hiyo anayeikwepa anafaidi moja kwa moja. Lakini pale silaha ni kimeng'enya kinachomwagwa nje na kufaidiwa na kundi zima, sugu mmoja anayeendelea kukitoa hubeba gharama peke yake huku majirani wakila matunda. Faida yake ni ndogo, na huenda asienee. Na zipo silaha ambazo si hata mali ya bakteria mwenyewe. Mwaka 1951 Victor Freeman aligundua kwamba bakteria wa dondakoo huwa na sumu pale tu anapobeba kirusi fulani cha bakteria, na mwaka 1996 Matthew Waldor na Mekalanos wakaonyesha vivyo hivyo kwa sumu ya kipindupindu. Silaha ya kuazima inaweza kupotea bila aliyeibeba kufa.

Ushahidi wa muda mrefu kuliko wote uko kwenye mikono ya watoto wetu. Mwaka 1923 Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur aliiondolea makali sumu ya dondakoo kwa formalini na kuifanya chanjo. Kinga inayojengwa na chanjo hiyo huilenga sumu, haimlengi bakteria. Imedungwa kwa karibu miaka mia moja, kwa mabilioni ya watu, na hadi leo ingali inakinga. Ukiweka kando ya karne hiyo ile miezi mitano ya tetrasaiklini, tofauti haihitaji maelezo.

2016–2025: Sayansi yafaulu, soko lakataa

Oktoba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha bezlotoksumabu, kingamwili iliyotengenezwa maabarani ili kuizima sumu ya Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuhara kukali kwa watu ambao antibayotiki zimeua bakteria wema wa utumbo wao. Ilikuwa ni seramu ya Behring bila farasi. Katika majaribio mawili yaliyohusisha zaidi ya wagonjwa 2,500, ugonjwa ulirudi kwa takriban asilimia 17 ya waliodungwa mara moja, dhidi ya takriban asilimia 27 ya wasiodungwa. Haikuchukua nafasi ya antibayotiki. Wagonjwa walipewa zote mbili, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwa sababu mtu ambaye kinga yake imeporomoka kwa saratani au kwa virusi vya UKIMWI hawezi kuachiwa kazi ya kummaliza bakteria aliyepokonywa silaha. Januari 2025 dawa hiyo iliondolewa sokoni kwa uamuzi wa kibiashara. Ilikuwa ghali, waliopewa walikuwa wachache, na ilihitaji kwanza kujua kwa yakini bakteria ni yupi. Masharti ya mwaka 1894 yamerudi yaleyale.

Njia nyingine zinaendelea kufunguka. Mwaka 2016 Benjamin Chan, Paul Turner na wenzao wa Yale walieleza kirusi cha bakteria kinachoingia ndani ya Pseudomonas kwa kushika pampu yake ya kutapikia dawa. Bakteria akitaka kukikwepa lazima aiharibu pampu, na akiiharibu antibayotiki za zamani zinamuua tena. Ni werevu wa kupendeza, maana usugu wenyewe unageuzwa kuwa mtego. Jijini Nairobi, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo wamekuwa wakitafuta virusi vya aina hiyo dhidi ya Salmonella wa kuku, ili mfugaji apunguze antibayotiki bandani. Na huko Kilifi, baada ya Kenya kuanza mwaka 2011 kuwachanja watoto dhidi ya ganda la nyumokokasi, lilelile lililomshughulisha Avery, magonjwa makali ya aina zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa walio chini ya miaka mitano. Mtoto asiyeugua hahitaji antibayotiki, sugu au isiyo sugu.

Itasemwa kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, kwamba zahanati isiyo na darubini haiwezi kuchagua kingamwili ya sumu fulani. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, nami nalikubali nusu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022, uliohusisha nchi 14 za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta kwamba kati ya maabara za tiba karibu 50,000 ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria. Mahali kama hapo daktari hana budi kuandika antibayotiki ya kuua wengi kwa kubahatisha, na kubahatisha huko ndiko kunakozalisha usugu. Lakini upungufu huo unaizuia njia ya kuua pia, kwa sababu antibayotiki nazo hazitumiki vema bila kumjua bakteria. Maabara ni sharti la njia zote mbili. Na kuhusu gharama, mwaka 2023 Nigeria ilipopatwa na mlipuko mkubwa wa dondakoo, seramu ya farasi, dawa ya zaidi ya miaka 120 isiyo siri ya mtu yeyote, ilikuwa adimu duniani kote kwa sababu watengenezaji wamebaki wachache mno. Hapo hakuna fumbo la sayansi. Kuna uamuzi ambao haujafanywa na serikali.

Uamuzi huo unawezekana katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi wanachama zinunue kwa pamoja akiba ya seramu ya dondakoo na kuitunza sehemu inayofikika ndani ya siku moja. Ziweke katika kila hospitali ya wilaya maabara inayoweza kuotesha bakteria na kupima dawa inayomfaa. Na zikamilishe chanjo ya dondakoo na ya nyumokokasi kwa kila mtoto ambaye bado hajapata. Wabunge watakaopitisha bajeti ijayo ya afya waulizwe na wapiga kura wao, kwa kutaja wilaya kwa jina, maabara hiyo iko wapi.